Naomba ushauri: kalori za mtori napigaje hesabu?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Moshi. Mama yangu ana kisukari na daktari amemwambia apunguze uzito, hivyo nataka kujua kalori za chakula ninachompikia.

Ugali haunisumbui. Napima unga mkavu kwenye mzani, gramu 100 ni kama kalori 360, na maji hayaongezi kitu. Mafuta ya kupikia nayo nayapima, maana gramu moja tu ni kalori 9.

Shida ni mtori, na ndio anaoupenda kuliko vyote. Ndizi mshare napima zikishamenywa. Lakini nyama inachemka na mifupa yake, mafuta yanaelea juu, mengine nayaengua kwa upawa kabla ya kuponda. Halafu sufuria ni moja, tunakula nyumba nzima. Programu ya simu niliyojaribu inajua ndizi mbivu tu.

Je, nipime mtori wote ukishaiva, nigawe jumla ya kalori kwa gramu zake, kisha nipime bakuli la mama? Na hiyo mifupa na mafuta niliyoengua nayatoaje kwenye hesabu? Mwenye uzoefu na vyakula vyetu vya Uchagani anisaidie tafadhali.