Mjadala: Akili mnemba imtabirie mtu mwenye afya ugonjwa wa ukoo?

Mzawa wa Kibosho: Wakuu, kuna programu za akili mnemba zinazopekua vinasaba (maandishi ya urithi mwilini, yenye herufi nne: A, C, G na T) zikitafuta herufi zinazojirudia kupita kiasi. Mfano ni ugonjwa wa Huntington, wa kurithi, unaoharibu ubongo taratibu. Kwenye jeni ya HTT, herufi CAG zikijirudia mara 40 au zaidi, mtu ataugua akijaliwa umri. Zikijirudia mara 36 hadi 39, huenda akaugua, huenda asiugue. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo yenye kasoro, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Dawa ya kuuponya haipo. Na msiseme ni ugonjwa wa Wazungu, madaktari wameshauandika hapa hapa kaskazini mwa Tanzania.

Kuhesabu CAG hakuhitaji akili mnemba, PCR, kipimo cha maabara kinachonakili kipande cha vinasaba, inatosha. Programu inasaidia pale usipojua utafute jeni gani. Shida ni kwamba mashine nyingi za kusoma vinasaba husoma vipande vifupi, kama herufi 150 hivi, na marudio mengine ni marefu kuliko hapo, kwa hiyo kompyuta inakadiria.

Mgonjwa mwenye dalili, sawa, ituonyeshe pa kupima. Lakini mzima anayelima na kusomesha watoto umpe makadirio? Napinga. Huku kwetu majibu hayabaki kwa mtu mmoja. Desemba ukoo wote uko mgombani, na wapo watakaotaka kugawa kihamba, shamba la ukoo, kwa kuangalia karatasi ya maabara. Posa nazo zitavunjika, tusidanganyane.

Kijana wa Sakina: Mkuu, unaniamulia kama nani? Mjomba alianza kurusha mikono bila kutaka, kikombe cha chai hakifiki mdomoni, hasira za ghafla. Tukaambiwa karogwa. Mbuzi wameisha zizini. Mimi nina mchumba, nataka kujua kabla sijazaa.

Mama Neema, Usa River: Pole mwanangu. Ila mjomba ni kaka wa mama. Ukikutwa nayo wewe, na ugonjwa unatoka upande huo, umeshampa mama yako majibu yake bila yeye kutoa hata tone la damu. Umemuuliza kama anataka kujua? Mimi ni muuguzi, nimeona watu wakipewa karatasi dirishani, hata kiti hakuna.

Mtu wa Data, Tengeru: Mnasahau jambo moja. Kuna ugonjwa unaofanana mno na Huntington, unaitwa HDL2. Marudio yake yako kwenye jeni nyingine, JPH3, na karibu wagonjwa wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Programu iliyofunzwa zaidi kwa vinasaba vya Ulaya, ikisema huna kitu, utaiamini? Dawa ni kuchangia vinasaba vyetu, si kuikataa.

Mzawa wa Kibosho: Kuchangia sikatai, mradi mwenye damu aridhie. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009, ya taarifa binafsi tangu 2022. Zitumike.

Kijana wa Sakina, wewe hukuhitaji kutabiriwa. Mjomba apimwe kwanza, HTT, na ikiwa safi, JPH3. Akikutwa nayo, zungumza na mama, kisha kapime ukitaka, hesabu kamili. Ninayempinga ni atakayeipitisha programu hii kwenye kila chupa ya damu iliyoletwa kupimwa kitu kingine, halafu ampigie mtu simu.