PAPA WA FUNGUO??? Miye mukutubi leo nimechoka kabisa

Funguo_Nne
Batu ba Bukavu, ule profesa munamujua, ule wa koti ya manjano, sitaji jina juu bado napenda mushahara yangu. Leo asubui mu mukutano ya utafiti nimesimama na makala yangu, mwaka muzima nimehesabu vitabu gani banafunzi banaazimaka na gani vinalala tu na vumbi, ata sijafika mustari wa pili ananikata: "Papa wa funguo, achia kwanza batafiti baseme." PAPA WA FUNGUO! Mbele ya bakubwa, mbele ya banafunzi, mbele ya mama wa chai, ata termosi ilinicheka.

Na marejeo ya kitabu yake nani alimutafutia? Miye, usiku, na mega zangu mwenyewe, nusu ilikuwa ya vitabu havijazaliwa bado. Jina yangu? Akasema nitaingia mu shukrani. Naenda kuangalia: Mungu, bibi yake, na "wote walionisaidia karibu ao mbali". Mbali njo miye!

Juu banatuweka mu PATO, kundi ya batumishi ba ofisi, ba ufundi na ba mikono, basi hatuna akili. Marekani tangu 1972 vyama vya bakutubi na bya baprofesa biliandika pamoja kwamba mukutubi wa iniversite apewe hadhi ya mwalimu. Eratosthenes alipima muzunguko wa dunia, kazi yake mukubwa wa maktaba ya Alexandria, naye mungemwita papa wa funguo?

Kijana_Ibanda
Papa wa funguo, kesho munafungua saa ngapi 😂😂

Mutu_wa_Labo
Afazali weye una funguo. Miye ananiitaka "kijana wa chupa", niko na miaka 51 na bajukuu.

L2_Bila_Pesa
Eratosthenes alipima dunia, weye ulinilipisha amandi ya kitabu cha siku mbili

Funguo_Nne
Siku TISA, na kilirudi na mafuta ya samaki sambaza ukurasa muzima!

L2_Bila_Pesa
Sambaza zilikuwa batafiti 😭

Mama_Soko_Kadutu
Nani anatafuta makala? Niko nayo ya kupikia, gunia ao kopo?

Funguo_Nne
Mama, makala ya kusoma!

Mama_Soko_Kadutu
Ya kusoma inaivisha bugali?

Kijana_Ibanda
Mama, gunia ni ngapi? Ya juzi chini ilikuwa vumbi tupu

Mutu_wa_Labo
Ata miye nilipata ile ya vumbi, mutu wa Bagira njo aliniuzia. Mama niwekee moja, nakuja jioni