Landilodi ameniongezea renti 10,000 kwa karatasi ya selotepu, na majirani wangu wakanyamaza

Wadau leo mnivumilie, niko na hasira na sijapanga maneno.

Niko na duka la kinyozi Umoja, hapa Nairobi, chini ya flati, mwaka wa saba sasa. Tuko maduka sita kwa hiyo laini, mimi, mama wa samaki, fundi wa simu, duka la dawa, M-Pesa na jamaa wa gesi. Tarehe 20 Machi nafika asubuhi kufungua napata karatasi imebandikwa mlangoni na selotepu, haina sahihi, haina jina la mtu, ati kuanzia tarehe 1 Aprili renti ni 28,000. Nilikuwa nalipa 18,000. Siku kumi na moja! Hata shule ikitaka karo inakupa muda kuliko hiyo.

Nikampigia. Mzee, hii ni nini? Akaniambia, "Kijana, hiyo kinyozi yako viti havipoi, Jumamosi naona watu wamepanga laini mpaka kwa gesi, kweli wewe ni wa kulipa 18?" Yaani kosa langu ni kuwa na wateja. Nilipoingia hapo ukuta ulikuwa unatoa maji, stima ilikuwa waya mbili zinaning'inia, vigae niliweka mimi, vioo mimi, rangi mimi, na sasa anataka kunitoza kwa kioo nilichonunua mwenyewe Gikomba nikakibeba kwa mkokoteni.

Nikakimbilia kwa chifu kama vile sisi wote hukimbilia. Chifu ni mtu mzuri, akatuambia twende tukaelewane. Wiki nzima ikaisha hapo. Chifu anaweza kuwakalisha meza moja lakini kusema renti ya duka ni ngapi, hiyo si kazi yake, na sijui kwa nini hakuna mtu huambia watu hivyo mapema.

Aliyenifungua macho ni mteja, karani wa wakili mjini, nilikuwa namnyoa ndevu nikilalamika nikamwonyesha hiyo karatasi akacheka mpaka nikatoa wembe, akasema hii funga nayo mandazi. Kumbe kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za chakula, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, na kwa hiyo sheria duka ni hata mahali unauza huduma, kwa hivyo kinyozi iko ndani, salon iko ndani, fundi wa simu yuko ndani. Na sikieni hii, mzee amekataa kuniandikia agrimenti miaka saba akidhani ananikomoa, kumbe kama hakuna maandishi, ama yako lakini ni ya miaka isiyozidi mitano, hapo ndipo sheria inakulinda!

Ukiwa kwa hiyo hali landilodi hawezi kuamka akabandika karatasi. Lazima akupe notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, aseme sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Siku kumi na moja si notisi. Meseji ya WhatsApp ya keateka, yule mtu wa landilodi anayeangalia jengo, ikiwa na emoji ya mikono imeshikana si notisi.

Halafu kuna hii, mimi niliirudia kuuliza mara tatu. Mkifika kwa Baraza la renti za biashara, ile BPRT (Business Premises Rent Tribunal), ndiyo huamua kesi za renti za maduka, iko View Park Towers pale mjini, wanaangalia nafasi kama hiyo ingekodishwa kwa ngapi sokoni, na sheria imesema wazi isihesabiwe sifa ambayo biashara ya mpangaji mwenyewe imeleta hapo. Kwa hivyo ile laini ya Jumamosi mpaka kwa gesi ni yangu. Si ya mzee.

Nikamwandikia kwamba karatasi yake siitambui na Aprili nikalipa 18,000. Naona alienda kwa wakili, kwa sababu katikati ya Aprili alirudi na notisi za ukweli, sita, kila mtu yake, inaanza tarehe 1 Julai. Na hapa ndipo hasira yangu inaanzia kabisa, na si kwa mzee peke yake.

Tulikutana kwa duka la gesi usiku. Nikawaeleza vile karani aliniambia, hii notisi ina milango miwili na lazima upite yote. Wa kwanza, ndani ya mwezi mmoja tangu uipokee umwandikie landilodi kwamba hukubali. Wa pili, kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza, upeleke mambo yako kwa Baraza, na ukishapeleka, notisi inasimama mpaka waamue. Ukinyamaza, imepita. Kwa sheria kunyamaza ni kukubali. Mama wa samaki akasema, "Mwanangu, mzee atanitoa, mimi nitaongea naye pole pole." Wa dawa akasema bosi wake ndiye anajua. M-Pesa na gesi wakaangalia simu. Fundi wa simu peke yake ndiye aliandika barua kama mimi, poa sana, akapeleka, akarudi kukaa akidhani imeisha. Hakwenda Baraza. Nilimkumbusha Mei, nikamkumbusha Juni, ati ako na simu nyingi za kutengeneza.

Tarehe 1 Julai watu watano wakaanza kulipa 28,000. Mama wa samaki wiki iliyopita ameuza friza ndogo.

Mimi barua yangu nilitoa kopi tatu, keateka akakataa kutia sahihi, nikampiga picha akiwa ameishika. Mwisho wa Mei, Jumamosi, napata kufuli ya pili kwa mlango wangu, kubwa ya shaba, na bwana harusi na wasimamizi wake wanne wamesimama hapo wananingoja. Nikawanyolea kwa veranda ya gesi na mashine moja ya chaji. Jumatatu nikapanga foleni Baraza, nikaweka malalamiko na ombi la dharura, bila wakili, nikajieleza mwenyewe na picha zangu, na hapo hapo nikapeleka pingamizi la notisi. Amri ikatoka, keateka akaja kufungua bila kuniangalia machoni.

Jambo moja watu huharibu ni kuacha kulipa kwa hasira. Usijaribu! Lipa ile renti ya zamani, kwa tarehe yake, kila mwezi. Ukikaa na deni miezi miwili umempa sababu halali ya kukutoa. Mzee aliwahi kunirudishia 18,000 yangu kwa M-Pesa ili ionekane sijalipa, nikapiga skrinshoti nikaituma tena kwa akaunti yake ya benki siku hiyo hiyo.

Wale wa flati juu wameniuliza kama wanaweza kuja na mimi. Haiwezekani. Nyumba za kuishi ziko na baraza lao lingine, Sura ya 296, lakini linahusu nyumba ambazo renti yake haizidi 2,500 kwa mwezi, na renti inayoangaliwa ni ile ya Januari 1981. Nionyesheni bedsita, hata chumba kimoja tu, ya 2,500 Umoja. Walio juu ya hapo wanabaki na agrimenti yao, na mahakama, hapo nawaonea huruma kweli. Lakini hata wao kuwekewa kufuli bila amri ya mahakama si haki.

Sasa nimekwama hapa. Mzee ameleta ripoti ya mthamini, mtaalamu wa kukadiria renti ya nafasi, na huyo mthamini amelinganisha kinyozi yangu na maduka ya barabara kubwa, yale yako na parking na vioo mpaka chini. Yangu iko ndani, unaruka mtaro kuingia. Nimeambiwa nilete mthamini wangu ama hiyo ya mzee ndiyo itakaa mezani peke yake, na kesi inatajwa mwezi ujao. Kuna mtu hapa alishapitia hiyo? Mlilipa mthamini ngapi, na alikuja kupima duka mwenyewe ama alitumwa picha tu?