Jakaranda iliyokatwa kichwa: ikatwe tena au ipunguzwe?

MamaLanet, Nakuru
Hamjambo wanajukwaa. Jakaranda iliyo kando ya jikoni ina kama mita 12. Miaka 5 iliyopita ilikatwa kichwa chote, vikabaki vigutu vinne vinene kama paja. Sasa kila kigutu kimetoa fimbo zaidi ya 10, zimesimama wima na zimepita urefu wa zamani. Upepo ukivuma zinapiga mabati. Fundi mmoja anataka kuikata vilevile tena, mwingine anasema ipunguzwe tu. Baada ya miaka 10, tofauti itakuwa ipi hasa?

MsumenoNaKamba
Dada, usikubali ikatwe vilevile. Mti ukipokonywa majani yote kwa siku moja, hutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kusukuma majani mapya upesi. Ndiyo maana urefu umerudi. Lakini fimbo hizo hazikuota kutoka ndani kama tawi la kawaida. Zimeshikwa na tabaka la nje tu, na chini yao mara nyingi kigutu huoza. Zinavyonenepa ndivyo uzito unavyozidi pale pabovu. Baada ya miaka 10 ni hizo zitakazoangukia jikoni.

Kupunguza vizuri ni kurudisha tawi refu hadi kwenye tawi la pembeni litakaloshika nafasi ya ncha. Hilo la pembeni lisipungue theluthi moja ya unene wa lile linalokatwa: la sentimita 9 lirudishwe kwenye la 3 au zaidi. Likiwa jembamba kuliko hapo, halimudu kulisha lile kubwa. Sehemu hiyo hufa au hurusha fimbo upya. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, na kwa mti mzee pungufu ya hapo.

Kwa mti wako, kwanza gonga kila kigutu kwa nyundo. Kikilia kama debe tupu, au bisibisi ikizama bila nguvu, kata kurudi hadi kwenye mbao nzima. Kwenye vigutu vizima teua fimbo 2 au 3 zilizoshika vizuri na zinazoelekea pande tofauti. Nyingine ziondoe kidogo kidogo kwa miaka 3 au 4, ukianza na dhaifu. Ukizifyeka zote leo, mwakani zinarudi zote.

Gome_Hai
Naongeza kuhusu jeraha lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanaua mti. Tazama tawi linapotokea: kuna uvimbe unaolizunguka kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, usiuguse wala usiache kigutu. Tawi zito likatwe mara tatu: kwanza toka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, hadi robo ya unene; kisha toka juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke bila kuchuna gome; mwisho ondoa kipande kilichobaki.

Mwaka ukipita, angalia mdomo wa gome jipya unaoota ukingoni mwa jeraha. Ukizunguka duara zima, ulikata sawa. Ukitokea kushoto na kulia tu, uvimbe ulikatwa. Alex Shigo, mtaalamu wa miti wa Marekani, alieleza vizuri kwamba mti hauponyi mbao zilizooza, huzizungushia ukuta. Basi rangi na oili chafu ya gari haziusaidii. Jeraha la sentimita 5 hufungika. Likizidi 10, mara nyingi kuoza hutangulia.

KibosShambani, Kisumu
Kosa la kukata miti kichwa linatokana na mgrevilea. Huo unastahimili kukatwa kichwa kwa ajili ya kuni, watu wakadhani kila mti uko hivyo. Mwembe hutoa maua kwenye ncha zilizokomaa, kwa hiyo upogoe mara tu baada ya mavuno. Ukichelewa unakosa msimu. Mparachichi ukifunguliwa sana, gome lake huungua kwa jua. Paka chokaa ya maji kwenye matawi yaliyobaki wazi.

MamaLanet
Asanteni sana. Nianze mwezi gani?

MsumenoNaKamba
Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu, ili mti upate maji ya kufunga majeraha. Kama kuna tawi karibu na waya wa stima, fundi asipande mpaka kampuni ya umeme izime laini. Ukishamaliza ile miaka ya kurekebisha, ukaguzi wa kila miaka 3 unatosha, na utakuwa unakata matawi ya unene wa kidole gumba.