Naomba kufahamishwa: Hind al-Husseini, mama wa Yerusalemu aliyechukua watoto 55

MwlMikindani: Wakuu habari za usiku. Nafundisha historia sekondari huku Mtwara, kila tukigusa Palestina wanafunzi wanamtaja Arafat basi. Juzi wasichana wakaniuliza, sasa wanawake walikuwa wapi miaka yote hiyo? Nimesikia jina la huyu mama tu, anayemjua anisaidie jamani nataka niwasimulie maisha ya mtu, siyo kukaririsha tarehe za vita.

BintiNewala: Mwalimu shikamoo. Alizaliwa Yerusalemu 1916 Mturuki bado anatawala, akakulia chini ya Mwingereza, akawa mwalimu kama wewe. Aprili 1948 wapiganaji wa Kizayuni wakavamia kijiji cha Deir Yassin, wakaua watu zaidi ya 100, baada ya hapo Hind akakuta watoto wa kijiji hicho mji wa kale karibu na Kanisa la Kaburi Takatifu wapo wapo tu hawana mtu, 55! Akawatafutia vyumba viwili akawa anawapelekea chakula, baadae masista wakawahifadhi maana mapigano yalikuwa makali, hali ilipotulia kidogo akawaweka kwenye jumba la babu yake. Ndo ikaanza Dar al-Tifl, kituo cha yatima na shule.

KusiniKwetu: Naongezea mwalimu, watawala hawajaisha hapo. Baada ya 1948 Yerusalemu ya Mashariki ikashikwa na Jordan, 1967 Israel ikaiteka, na yeye yupo palepale anasomesha. 1982 akaanzisha chuo cha wasichana. Intifada, yaani Wapalestina kuinuka dhidi ya utawala wa Israel, inaanza 1987 yeye ana miaka 71. Mimi hapo ndo ananigusa kuliko ile siku ya kwanza, kwa sababu kuchukua mtoto barabarani wenye huruma wengi wataweza, ila kulisha na kusomesha miaka arobaini na zaidi, serikali zinapishana tu, aisee sio mchezo. Wanafunzi wa huku wataelewa upesi. Bibi yangu alivuka Ruvuma enzi za vita ya Mreno Msumbiji, mpaka leo anakutajia kwa majina akina mama waliompikia uji alipofika.

MwlMikindani: Asanteni sana ndugu zangu, mmenifaa mno. Hivi hiyo shule ipo bado?

BintiNewala: Ipo mwalimu, mtaa wa Sheikh Jarrah. Mwenyewe alifariki Septemba 1994. Ukianza kipindi wachoree ramani kwanza, Deir Yassin ilikuwa kama kilomita 5 tu magharibi ya Yerusalemu.