Re: Nifunge kadi yangu ya mkopo ya Marekani kabla ya kurudi Kampala?

Dada, shikamoo.

Usifunge bado. Mimi nilifunga siku tatu kabla ya kupanda ndege ya Entebbe, nikajiona mwerevu: kadi ya kulala kabatini Marekani ya nini? Nikapiga simu benki, nikaikata kwa mkasi.

Ile kadi ilikuwa na kikomo cha dola 6,000, haina deni. Niliyobakiza ina kikomo cha dola 2,000, nadaiwa 800. Piga hesabu. Mwanzo nilikuwa nimetumia 800 kati ya 8,000, asilimia 10. Baada ya kufunga, 800 kati ya 2,000, asilimia 40. Deni halikuongezeka hata senti, ila alama zangu za kukopesheka zikaporomoka. Nikaziona kwenye simu pale Wandegeya, nikisubiri rolex yangu, chapati ya mayai, ikunjwe. Hamu ya kula ikaisha.

Kwenye alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani hutumia kukupima, kiasi unachodaiwa, pamoja na uwiano huo wa deni na kikomo, kina uzito wa asilimia 30. Kinachozidi hapo ni kulipa kwa wakati tu, asilimia 35.

Wengi watakutisha kwamba ukifunga kadi ya zamani, umri wake unafutika siku hiyohiyo. Si kweli. Iliyofungwa bila doa inaweza kubaki kwenye rekodi hadi miaka 10, na FICO inaendelea kuhesabu umri wake.

Kama inakutoza ada ya mwaka, omba benki ikubadilishie iwe ya aina isiyo na ada, akaunti ibaki ileile. Kisha iwekee kibili kidogo cha kila mwezi, kijilipe chenyewe. Kadi isiyoguswa benki huweza kuifunga bila kukuuliza.

Kufungua mpya? Ombi la kadi hubaki kwenye rekodi miaka 2, ingawa FICO hulihesabu miezi 12 tu, na kwa kawaida halili alama nyingi. Ila kama unataka mkopo wa nyumba karibuni, tulia.

Ndugu yako, hapa Ntinda, Kampala

---

Marahaba, mdogo wangu. Nimeshaweka mkasi chini. Na ile namba yangu ya simu ya huku Marekani, niiache ife?

---

Hapana dada! Benki hutuma namba za siri za kuingilia kwenye akaunti kupitia simu hiyo. Ikifa, utashindwa kuingia, malipo yakwame, na ukichelewa siku 30 doa hilo linakaa miaka 7. Ihamishie kwenye kifurushi cha bei ya chini kabisa, uje nayo.