Mrejesho: benki na WhatsApp kwenye profaili tofauti, GrapheneOS

Asalaam alaykum wakubwa. Niliuliza vipi programu ya benki itengwe na WhatsApp ya biashara kwenye Pixel yenye GrapheneOS (mfumo wa Android uliokazwa kwa usalama na faragha), simu ya duka hapa Darajani. Profaili ni mtumiaji wa pekee ndani ya simu hiyo hiyo, mwenye programu na data zake. Ahsanteni, imekubali.

Njia: Mipangilio, Mfumo, Watumiaji, ongeza mtumiaji "Benki". Play Store ikiwekwa kwa mmiliki (mtumiaji mkuu wa simu) haiingii huko yenyewe. Rudi kwa mmiliki, gusa jina la mtumiaji mpya, uisukume kutoka orodha ya programu zilizopo. Programu yenyewe hukaa mara moja kwenye hifadhi, data ndiyo mbalimbali, basi msihofie nafasi sana.

Iliyokuwa ikikwamisha ni SMS ya msimbo. Mtumiaji wa pili huja na simu na SMS zimezimwa. Kwa mmiliki, fungua jina lake uwashe swichi ya simu na SMS. Hapo anasoma na za mmiliki, lakini bila hivyo benki haithibitishi namba.

VPN (njia ya siri ya kupitishia mtandao) nayo ni ya kila profaili peke yake. Ukiiwasha kwa mmiliki, profaili ya Benki inaingia mtandaoni bila VPN.

Ukimaliza malipo, bonyeza "Maliza kipindi", usibadilishe mtumiaji tu. Kubadilisha kunaiacha ikienda chini kwa chini. Kumaliza kunafuta funguo za usimbaji kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), data inabaki imefungwa. Bei yake: arifa za benki hazifiki mpaka uifungue tena.

Risiti ya picha haivuki kutoka Benki kwenda upande wa WhatsApp. Najitumia kwa barua pepe, usumbufu mtupu.